Gadenia ndani ya nyumba, Arusha na Moshi: anza na maji

Kwa hali ya hewa, Arusha ni mahali pazuri sana pa kufugia gadenia ndani. Mmea huu hufunga vitumba pale usiku unaposhuka chini ya nyuzi 18, na nyumba zetu hufika hapo bila mashine yoyote kwa miezi mingi ya mwaka. Moshi mjini pana joto zaidi, lakini kuanzia Juni hadi Agosti hata huko usiku unatosha. Hata hivyo gadenia nyingi za mijini kwetu hugeuka manjano na kufa ndani ya mwaka mmoja, na mara nyingi chanzo ni maji ya bomba au ya kisima, kikisaidiwa na chungu cha saruji. Ukirekebisha hivyo viwili, kazi iliyobaki ni ya kawaida.

Gadenia ya ndani ni *Gardenia jasminoides*, kichaka cha maua meupe yanayonukia, asili yake kusini mwa China, Taiwan, Japani na Vietnam. Ni ukoo mmoja na mkahawa, Rubiaceae. Anayeijua kahawa ya mlimani anajua tayari nusu ya mahitaji yake: udongo wenye asidi, unyevu usiotuama, mwanga usiounguza, usiku wa ubaridi. Tunayo pia gadenia ya porini, *Gardenia volkensii*, ya nyika kavu, yenye jina la Georg Volkens, Mjerumani mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi Kilimanjaro miaka ya 1890. Huo ni mti wa nje, na maelezo haya hayauhusu.

Kabla ya kulipa

Kwenye vitalu vya barabarani kuna mmea mwingine unaouzwa kwa jina la gadenia, *Tabernaemontana*, wenye maua meupe na majani ya kijani kibichi yanayong'aa. Kuutambua ni rahisi: omba jani moja, likate. Likitoa utomvu mweupe kama maziwa, siyo gadenia. Ni mmea mzuri kwa uani, lakini hauna harufu ile unayoitafuta na haufai kulipiwa bei ya gadenia.

Geuza majani utazame chini yake na kwenye makwapa ya matawi, maana vidung'ata, wadudu weupe kama pamba, hujificha hapo. Kisha tazama vitumba. Mmea uliojaa vitumba vinene vinavyokaribia kufunguka unavutia, lakini ukiutoa kwenye kivuli cha kitalu na kuuingiza sebuleni, vingi vitadondoka kabla ya wiki mbili. Chukua wenye vitumba vidogo vya kijani vilivyobana, au usio navyo kabisa. Ukikuta aina fupi ya majani membamba inayotambaa, ndiyo inayokaa vizuri dirishani; ile ya majani mapana huenda juu na itakudai nafasi.

Maji

Gadenia hutaka udongo wenye pH (kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi inazidi) kati ya 5 na 6, na inavumilia hadi 6.5. Ikipanda juu ya hapo, madini ya chuma yaliyomo kwenye udongo hugeuka kuwa hali ambayo mizizi haiwezi kuyanyonya. Chuma kipo, mmea una njaa.

Maji mengi yanayotoka kwenye miamba ya volkano kuzunguka Mlima Meru yana bikaboneti ya sodiamu nyingi, pamoja na floraidi inayojulikana kwa kuacha madoa ya kahawia kwenye meno. Hiyo bikaboneti ndiyo adui wa gadenia, kwa sababu kila unapomwagilia unaongeza kidogo cha kupandisha pH. Baada ya mwezi mmoja huoni kitu. Baada ya miezi minne majani machanga yanatoka ya manjano.

Watu wengi hupima ugumu wa maji kwa birika: kama halina ukoko mweupe, basi maji ni laini na yanafaa. Kwa maji yetu kipimo hicho kinadanganya. Ukoko ni wa kalisiamu, na maji ya sodiamu yana kalisiamu kidogo, kwa hiyo birika linabaki safi na sabuni inatoa povu vizuri huku pH ikiwa juu ya 8. Nunua karatasi za kupimia pH kwenye duka la vifaa vya maabara au vya bwawa la kuogelea, upime maji yako mwenyewe. Moshi, maji ya chemchemi za Kilimanjaro kwa kawaida ni mepesi kuliko ya Arusha, ila ya kisima hutofautiana sana kati ya mtaa na mtaa. Pima huko pia.

Kuchemsha hakusaidii. Floraidi na sodiamu hubaki zote, na kwa kuwa maji yamepungua, zinakuwa nzito zaidi. Chujio la mkaa wa mifupa linalotumika kupunguza floraidi ya kunywa halikutengenezwa kwa ajili ya kuondoa bikaboneti, kwa hiyo usilitegemee kwa mmea.

Dawa ya kweli ni maji ya mvua, na kiasi kinachohitajika si kikubwa. Gadenia moja kwenye chungu cha sentimita 25 hutumia kama lita 10 hadi 12 kwa mwezi. Kuanzia Juni masika yakishaisha hadi vuli inaposhika ni takriban miezi mitano, hivyo ndoo tatu za lita 20 zinautosha mmea mmoja kwa kiangazi chote hicho. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Kipande cha bati cha mita 10 za mraba na mvua ya milimita 20 vinakupa karibu lita 200, hata ukipoteza robo bado unazo za kutosha majirani. Acha mvua ya kwanza ioshe vumbi na kinyesi cha ndege, kinga ya pili. Funika madumu kwa mfuniko unaobana, kwa sababu mbu hutaga kwenye maji yaliyotulia hata ndani ya stoo. Na kama paa ni la vigae vya saruji, kinga kwenye bati la banda badala yake.

Maji ya mvua yakiisha kabla ya wakati, tia siki nyeupe ya asilimia 5 kwenye maji ya bomba: kijiko kimoja cha chakula kwa lita 4, koroga, pima, na uongeze kidogo kidogo hadi karatasi ionyeshe kati ya 5.5 na 6. Nasisitiza kwamba hii ni ya dharura. Bakteria wa udongoni hula asidi ya siki na bikaboneti hurudi baadaye, na sodiamu haiendi popote. Ukilazimika kutumia njia hii wiki kadhaa, mvua ikirudi osha chungu: mimina polepole maji ya mvua mara tatu ya ujazo wa chungu, yapite yote chini, na usirudishe yaliyotoka.

Namna ya kumwagilia nayo ina mambo yake. Ingiza kidole hadi fundo la kwanza. Pakiwa pakavu juu na pana ubichi kwa chini, mwagilia hadi maji yatoke matunduni, subiri nusu saa, kisha mwaga yaliyobaki kwenye sahani. Januari na Februari hiyo itakuwa kila siku mbili au tatu. Julai inaweza kufika siku nane. Kunyanyua chungu ukasikia uzito wake ni kipimo bora kuliko kalenda. Na maji yalale ndani usiku mmoja kabla ya kutumika, kwa kuwa maji ya asubuhi ya Julai ni baridi kiasi cha kuishtua mizizi.

Chungu na udongo

Vyungu vya saruji vinapendeza na vinauzwa kila kona, lakini saruji ina chokaa, na chokaa hiyo hutoka taratibu kila unapomwagilia. Kwa gadenia hapana. Tumia plastiki au udongo wa kuchomwa, chenye matundu yasiyopungua manne. Kama umekipenda cha saruji, kitumie kama kifuniko cha nje: weka ndani yake chungu cha plastiki kilichoinuliwa juu ya mawe, mizizi isiguse saruji wala maji yaliyopita humo.

Usichimbe udongo wa bustani. Ule wa kwenye shamba la nyanya mara nyingi una minyoo fundo, ambayo huijaza mizizi vinundu na kuudumaza mmea, na udongo mtupu ukiwa kwenye chungu hushikana ukakosa hewa. Mchanganyiko unaofanya kazi, kwa sado: mbili za magome ya paina yaliyosagika na kuoza kwa miezi kadhaa (ulizia kwenye mashine za mbao, paina za West Kilimanjaro zinapasuliwa sehemu nyingi), moja ya kokopiti (unga wa makumbi ya nazi), moja ya mboji ya majani iliyoiva, na nusu sado ya vijiwe vyepesi vya volkano vya ukubwa wa punje ya maharage. Kokopiti iloweke na kuikamua mara mbili, kwa sababu nyingine huja na chumvi. Vijiwe vioshe hadi maji yawe meupe.

Majivu yasikaribie, hata kijiko. Yanapandisha pH haraka kuliko kitu kingine chochote cha nyumbani. Maganda ya mayai vilevile. Samadi ya ng'ombe ina chumvi nyingi kwa mmea huu, hata ikiiva. Na machicha ya kahawa yanayosifiwa kila mahali: kahawa ikishapikwa asidi yake karibu yote imebaki kwenye kikombe, kwa hiyo machicha hayashushi pH kama watu wanavyodhani, na yakirundikwa juu hufanya gamba lenye ukungu linalozuia maji. Yatupie kwenye mboji.

Hamishia mmea kwenye chungu kinachozidi cha zamani kwa sentimita 3 hadi 5 tu. Chungu kikubwa mno hubaki na maji ambayo mizizi haijayafikia, na hapo ndipo kuoza kunapoanza.

Dirisha

Tuko nyuzi tatu na kidogo kusini mwa ikweta. Jua la mchana linakuwa kaskazini mwetu katikati ya mwaka na kusini mwetu Desemba, lakini nyakati zote liko juu sana, na mabati yanayotokeza hulizuia lisiingie. Jua linaloingia dirishani kweli ni la asubuhi na la jioni. Chagua la asubuhi. Dirisha la mashariki lenye saa mbili hadi nne za jua, kisha mwanga mweupe siku nzima, linatosha. La magharibi linawezekana Arusha. Moshi, Februari, litaunguza majani kupitia kioo.

Wavu wa mbu hupunguza mwanga kuliko unavyodhani, hasa ukiwa na vumbi. Uoshe. Ukiweka mkono kati ya dirisha na mmea saa sita mchana, kivuli chake kionekane chenye kingo. Kikiwa cha kufifia, mmea utaishi lakini hautachanua.

Juni hadi Agosti, mawingu yanapokaa juu ya mji siku nzima, sogeza chungu hadi karibu kabisa na kioo. Fanya hivyo kabla vitumba havijaonekana. Vikishaonekana, usikisogeze wala usikizungushe. Chora alama ya chaki upande unaotazama dirisha, ili hata aliyekitoa kufagia akirudishe vilevile.

Vitumba vinapodondoka

Kitumba kinachotaka kudondoka huanza kwa kupauka kwenye kikonyo, hapo kinapokutana na majani yaliyokifunika, kabla ncha haijabadilika rangi. Ukikigusa kinaachia. Ukiona dalili hiyo, kuna kitu kilibadilika siku chache zilizopita: udongo ulikauka kabisa mara moja, maji yalizidi, chungu kilihamishwa, au upepo mkavu ulipita.

Sababu ambayo watu wa kwetu huikosa ni ndizi. Mkungu unaoivishwa ndani hutoa gesi ya ethilini, ileile inayowivisha ndizi wenzake, na gesi hiyo huamuru maua na vitumba kuachia. Kama stoo ya ndizi au kapu la maembe na maparachichi liko chumba kimoja na gadenia, mmoja ahame. Moshi wa jiko la mkaa una ethilini pia, kwa hiyo jikoni si mahali pake.

Moshi mjini, kuanzia Januari hadi Machi, usiku wa ndani unaweza kubaki juu ya nyuzi 20. Mmea hautafunga vitumba vipya wakati huo. Haujaugua, unaota majani tu, na hakuna mbolea itakayoubadilisha nia. Uweke chumba chenye ubaridi kuliko vyote na usubiri Juni. Walio Kibosho au Marangu hawana shida hiyo. Shida yao ni Julai, usiku ukishuka chini ya nyuzi 12: vitumba husimama bila kukua kwa wiki nyingi, na huko ni kuvumilia.

Kwa hewa kavu ya Januari, sinia pana lenye kokoto na maji, chungu kikikaa juu ya kokoto bila kugusa maji, husaidia kiasi. Kunyunyizia majani hudumu dakika chache tu, na matone yakilala juu ya ua jeupe yanaacha madoa ya kahawia. Sipendekezi.

Manjano, kwa kuisoma

Hapa watu hukosea dawa kwa sababu manjano ni ya namna nyingi. Majani machanga ya juu yakiwa ya manjano huku mishipa ikibaki kijani, ni chuma. Majani ya chini yakiwa na manjano kati ya mishipa, mara nyingi ni magnesiamu: kijiko kimoja cha chai cha chumvi ya Epsom kwa lita 4 za maji, mara moja kwa mwezi. Jani moja moja la zamani, la ndani ya kichaka, likigeuka lote manjano na kudondoka, ni uzee. Majani yakinyauka huku udongo umelowa, toa mmea kwenye chungu utazame mizizi: mizima ni migumu na ncha zake ni nyeupe, iliyooza ni ya kahawia, laini, na gamba lake linachubuka ukivuta. Kata iliyooza yote, panda upya kwenye chungu kidogo zaidi.

Kwa upungufu wa chuma, kwanza shusha pH kwa maji ya mvua, kisha ongeza chuma. Chuma cha aina ya EDDHA kutoka duka la pembejeo ndicho bora kwa sababu hufanya kazi hata pH ikiwa juu kidogo. Fuata kipimo cha kwenye pakiti. Salfeti ya chuma ni ya bei nafuu: kijiko cha chai kwa lita 5, mara moja, na urudie baada ya mwezi kama majani mapya hayajabadilika. Angalia isimwagike kwenye vigae, doa lake la kutu halitoki. Majani yaliyokwisha kuwa manjano yanaweza yasirudi. Pima mafanikio kwa yale yanayofuata.

Kuna manjano ya Julai vilevile, mizizi ikiwa baridi mno kunyonya chuma. Kabla ya kununua chochote, inua chungu kutoka sakafuni ukiweke juu ya ubao, usubiri Septemba.

Mbolea ya kawaida ni SA (salfeti ya amonia), ambayo pia hushusha pH: nusu kijiko cha chai kwa lita 4, kila wiki mbili au tatu, Septemba hadi Mei, juu ya udongo uliokwisha lowa. Kila baada ya miezi mitatu badilisha kwa NPK yenye virutubisho vidogo. CAN usitumie, ina chokaa. Unga wa mifupa na DAP pia hapana, fosfeti nyingi hufunga chuma. Juni hadi Agosti usitie kitu.

Wadudu

Vidung'ata ni pamba nyeupe kwenye makwapa ya majani. Vifute kimoja kimoja kwa pamba yenye spiriti, kisha puliza maji ya sabuni, kijiko cha chai cha sabuni ya maji kwa lita moja, chini ya majani, jioni. Rudia kila siku saba mara tatu, maana mayai hayafi mara ya kwanza. Masizi meusi juu ya majani ni ukungu unaoota kwenye utamu wanaotoa vidung'ata, vidukari na inzi weupe. Maliza wadudu, masizi utayafuta kwa kitambaa chenye maji. Ukiona sisimizi wanapanda chungu, tafuta vidung'ata hata kama hujawaona. Utitiri huja kiangazi na kuacha vidoadoa vya kupauka na utando mwembamba. Kuuogesha mmea wote kwa maji ya mvua kunawapunguza sana.

Kupogoa na vipandikizi

Pogoa mara tu maua yanapoisha, juu kidogo ya jozi ya majani, theluthi moja ya urefu wa tawi isizidi. Ukichelewa unakata ncha ambazo tayari zimebeba vitumba vya msimu ujao.

Matawi uliyokata yasitupwe. Chukua ncha za sentimita 10 hadi 12 zilizoanza kukakamaa kidogo chini, acha jozi mbili za majani juu, chomeka kwenye kokopiti na mchanga wa mtoni uliooshwa, nusu kwa nusu. Funika kwa mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga uliosimamishwa na vijiti ili usiguse majani, weka pasipo jua la moja kwa moja. Fanya hivyo kati ya Oktoba na Februari, kwa sababu mizizi inataka joto la nyuzi 24 hivi na Julai ncha zitaoza. Baada ya wiki sita hadi nane vuta taratibu: kikikataa kutoka, kina mizizi. Toboa mfuko tundu moja kila siku mbili kwa wiki nzima kabla ya kuuondoa, na mche ukifika sentimita 15 kata ncha yake ili utoe matawi.